Ufupisho tunaupima, hatuufundishi

Ukitoka nje ya lango la chuo chochote mjini Iringa utakuta steshenari yenye mashine ya kutoa kopi, na wiki mbili kabla ya mitihani mashine hiyo haipumziki tangu asubuhi hadi usiku. Kinachotolewa kopi hapo mara nyingi si vitabu, ni madesa: notisi za mhadhara zilizoandikwa na mwanafunzi mmoja mwenye mwandiko mzuri, pengine wa miaka miwili iliyopita, zikapita mikono mingi hadi maandishi yamefifia na namba za kurasa hazifuatani tena. Mwanafunzi analipa, anabana kurasa zake kwa pini, anaondoka akiwa na hakika kwamba somo analo mkononi. Sina ugomvi na mwenye mashine, kwa kuwa anauza kinachotafutwa. Kinachonisumbua ni kwamba mnunuzi wake amekaa darasani miaka 13 kabla ya kufika chuo, na bado anaamini kuwa notisi ni kitu cha kupewa.

Imani hiyo hakuipata kwa uvivu, tumemfundisha sisi. Nilipokuwa kidato cha pili, katika shule moja ya bweni mkoani Mbeya, mwalimu wetu wa jiografia alikuwa na daftari moja kuukuu ambalo nadhani lilimtumikia tangu alipoanza kazi. Siku ambazo hakuweza kuingia darasani, alimpa monita daftari hilo, naye monita akaandika ubaoni, nasi tukanakili. Siku moja, katikati ya maelezo ya Kiingereza kuhusu aina za mvua, yalitokea maneno mawili ya Kiswahili: “leta ramani”. Mwalimu alikuwa amejikumbusha pembeni mwa ukurasa wake, monita akayaandika ubaoni kama alivyoyakuta, na darasa zima tukayanakili, wengine tukiyapigia mstari kwa kalamu nyekundu kwa kudhani ni kichwa cha habari. Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Nimelisimulia tukio hili mara nyingi na watu hucheka, lakini ukilitazama vizuri linaonyesha kitu kisichochekesha: zaidi ya vijana 40 waliandika kwa dakika 40 bila kusoma walichokuwa wanakiandika.

Kunakili si kuandika notisi, ingawa shuleni tunatumia maneno hayo kana kwamba ni kitu kimoja. Anayenakili anahamisha maneno kutoka ubaoni hadi kwenye daftari, na maneno hayo yanaweza kupita machoni na mkononi bila kuingia kichwani. Anayeandika notisi analazimika kuamua, tena haraka, nini kinaandikwa na nini kinaachwa, na uamuzi huo hauwezekani bila kuelewa walau nusu ya kinachosemwa. Hapo ndipo lugha inapoingia. Mtoto wa Tanzania anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakutana na masomo karibu yote kwa Kiingereza, lugha ambayo kwa wengi wao hawajawahi kuisikia ikizungumzwa nyumbani. Ukimwambia aandike kwa maneno yake mwenyewe, swali lake la haki ni: maneno yapi? Kunakili kwake ni njia ya kuokoka. Ndiyo maana naona kosa kubwa kuacha kazi ya kufundisha ufupisho iangukie masomo ya Kiingereza, wakati somo la Kiswahili linampa mwanafunzi nafasi ya kujifunza stadi hiyo katika lugha anayoimudu, kabla hajatakiwa kuitumia katika lugha anayopambana nayo.

Na kwa kweli ufupisho umo katika somo la Kiswahili. Umo katika vitabu vya kiada na umo katika mitihani, pale mtahiniwa anapopewa habari na kuagizwa aifupishe kwa idadi fulani ya maneno. Vitabu vingi vinatoa hatua zinazofanana: soma habari zaidi ya mara moja, tambua mawazo makuu, andika rasimu, linganisha na habari ya awali, nakili kwa usafi. Hatua hizo ni sahihi zote. Tatizo ni kwamba hatua ya pili, ile ya kutambua mawazo makuu, ndiyo kazi yenyewe, na imeandikwa kwa mstari mmoja kana kwamba ni sawa na kuchonga penseli. Ni kama kumfundisha mtu kupika ugali kwa kumwambia achemshe maji, atengeneze ugali, kisha apakue.

Nitaonyesha kwa mfano. Hii ni habari fupi niliyowaandikia wanafunzi wa kidato cha pili, ya mambo ambayo mtoto wa Iringa huyasikia tangu utotoni:

“Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski kilishambuliwa na wapiganaji wa Kihehe huko Lugalo, mashariki ya mji wa leo wa Iringa. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Wajerumani walirudi tena wakiwa wamejiandaa zaidi, na tarehe 30 Oktoba 1894 waliiteka ngome ya Kalenga. Hata hivyo Mkwawa, mtawala wa Wahehe, hakukamatwa. Aliendelea kupigana kwa kuvizia kwa karibu miaka 4, huku Wajerumani wakitangaza zawadi ya fedha kwa atakayemkamata, hadi Julai 1898 alipojiua kwa risasi asitiwe mikononi mwa adui. Fuvu lake lilichukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitaka lirudishwe, na mwaka 1954 lilirejeshwa. Sasa limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga.”

Niliwaagiza waifupishe kwa maneno yasiyozidi 30. Kazi nyingi nilizokusanya zilifanana na hii: “Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski kilishambuliwa na wapiganaji wa Kihehe huko Lugalo. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi. Wajerumani walirudi tena.” Hesabu mwenyewe, ni maneno 30 kamili. Mwanafunzi alianza mwanzo, akaruka neno hapa na pale, na maneno yalipomwishia akasimama, kama basi lililoishiwa mafuta Makambako wakati abiria wanakwenda Mbeya. Kalenga haimo, kifo cha Mkwawa hakimo, fuvu halimo. Mkwawa mwenyewe hatajwi. Na bado, kwa jinsi tulivyozoea kusahihisha, kazi hiyo ingepata alama si haba: idadi ya maneno imezingatiwa, sentensi ni sanifu, hakuna kosa la tahajia.

Tulikaa na habari hiyo vipindi viwili. Niliwauliza: habari hii inasema nini ambacho hakuna sentensi hata moja iliyokisema? Kimya kilikuwa kirefu. Mwishowe msichana mmoja wa nyuma alisema kwamba kila upande ulishinda lakini haukupata ulichokitaka. Sentensi hiyo haimo katika habari. Hakuna mahali unapoweza kuipigia mstari. Ndiyo iliyotuwezesha kuandika ubaoni ufupisho huu: “Kushindwa kwa Wajerumani Lugalo mwaka 1891 hakukuzuia kuanguka kwa Kalenga miaka 3 baadaye, lakini kuanguka kwa Kalenga nako hakukumtia Mkwawa mikononi mwao, walichopata hatimaye ni fuvu, nalo likarudishwa mwaka 1954.” Nao una maneno 30. Kuna atakayesema kwamba hapa kumeingia tafsiri ya mfupishaji, na ni kweli imeingia. Ufupisho usio na tafsiri hata kidogo ni habari iliyokatwa mkia.

Watafiti wawili wa Marekani, Ann Brown na Jeanne Day, walichapisha mwaka 1983 uchunguzi wao wa jinsi wanafunzi wa umri mbalimbali wanavyofupisha, na walichokikuta kinaeleza madaftari ninayosahihisha kuliko maelezo yoyote niliyopata kuyasikia kwenye semina. Waliitenganisha kazi ya kufupisha katika kanuni chache: kufuta yasiyo na uzito, kufuta yanayorudiwa, kubadilisha orodha kwa jina moja la jumla, kuchagua sentensi inayobeba wazo kuu, na kama sentensi hiyo haipo, kuitunga. Kufuta hata watoto wa darasa la tano waliweza. Jina la jumla lilikuja baadaye: aliyeandika kabichi, karoti, chainizi na figiri anajifunza kuandika mboga, na aliyeandika kwamba mtu alifunga mizigo, akapanda basi Uyole na kushuka Makambako anajifunza kuandika kwamba alisafiri. Kutunga sentensi isiyokuwepo ndiko kulikochelewa kuliko vyote, na hata wanafunzi wa chuo mara nyingi hawakukufanya. Wadogo walikuwa na njia moja tu, kunakili na kufuta, ile ile iliyomfanya mwanafunzi wangu aishiwe maneno akiwa bado Lugalo. Maana yake kwa mwalimu ni kwamba stadi hii haiji yenyewe kwa umri. Mtoto anayeachwa na kanuni ya kwanza anaweza kukua nayo hadi chuo kikuu, na huko ndiko anakokutana na mashine ya kopi.

Kueleza kwa maneno yako mwenyewe ni ndugu wa ufupisho, na nako tunakokosea hakutofautiani sana. Tumewafundisha watoto visawe, wakadhani kusema upya ni kubadilisha neno kwa neno. Siku moja niliwapa sentensi isemayo kwamba Mkwawa aliizungushia ngome ya Kalenga ukuta wa mawe. Mwanafunzi akaniletea “Mkwawa alilizungushia boma la Kalenga kiambaza cha mawe”. Kila neno lina kamusi yake ya kulitetea, ila kiambaza ni cha nyumba, cha miti na udongo, na adui anayekuja na mzinga hazuiwi kwa kiambaza. Mwanafunzi hakuwa amefikiria ukuta, alikuwa amefikiria neno “ukuta”. Vyuoni tabia hii imepata soko jipya tangu zilipokuja programu za kompyuta zinazopima wizi wa maandishi: mwandishi wa tasnifu anabadilisha maneno hadi mashine ikose kumtambua, na aya inayotoka hapo huwa haina tena maana katika lugha yoyote. Dawa ninayoijua ni ya kizamani. Soma aya, funga kitabu, mweleze jirani yako kwa mdomo, kisha andika ulichomweleza. Kitabu kikiwa kimefungwa, neno la kubadilisha halionekani, na kinachobaki ni jambo.

Mwalimu wangu wa kwanza wa kazi hii hakuwa wa darasani. Baba alikuwa na shamba dogo la chai Rungwe, na siku moja akiwa hawezi kutembea kwa maumivu ya mguu alinituma mimi, nikiwa darasa la sita, nimwakilishe kwenye mkutano wa wakulima. Nilirudi jioni, nikamwamkia, nikaanza kumpa habari kama nilivyozikuta: mwenyekiti alifungua mkutano saa nne, akawashukuru waliofika, katibu akasoma muhtasari wa mkutano uliopita, mzee mmoja akasimama akalalamikia barabara. Baba akainua mkono. “Hayo yaache kwanza. Bei imepanda au haijapanda? Na fedha za mwezi uliopita zinalipwa lini?”

“Bei haijapanda, baba. Fedha zinalipwa mwisho wa mwezi huu.”

“Nani kasema?”

“Katibu.”

“Amesema, au ameahidi?”

Sikuwa na jibu, kwa kuwa sikuwa nimeisikia tofauti. Katika maswali manne baba alikuwa amenipitisha katika mambo ambayo shule ilikuwa haijanigusa nayo: kwamba habari hufupishwa kwa ajili ya mtu mwenye haja fulani, kwamba mpangilio wa matukio si lazima uwe mpangilio wa umuhimu, na kwamba anayeripoti maneno ya mwingine anawajibika na uzito wake. Sitaki kulipaka jambo hili sukari kwa kudai kwamba nyumbani kunatosha. Baba alikuwa na swali lake tayari. Habari ya mtihani haina baba wa kuuliza, na mwanafunzi lazima alitafute swali ambalo mwandishi alikuwa akilijibu. Lakini mtoto ambaye hajawahi kuulizwa “wamesemaje huko?” na mtu anayetaka kweli kujua, anaanzia nyuma sana. Na hapa kuna kioja kidogo cha lugha yetu: neno muhtasari limebeba kumbukumbu za kikao, limebeba mwongozo wa somo anaofuata mwalimu, na limebeba ufupisho wa maandishi, kiasi kwamba mwanafunzi akiambiwa aandike muhtasari, mfano pekee anaoujua ni ule wa kikao, wa kuandika kila kitu kwa zamu kilivyotokea.

Kuhusu kuandaa kiunzi cha insha, yaani kupanga hoja kabla ya kuandika, nitasema machache tu kwa kuwa ni rahisi zaidi. Kiunzi ni ufupisho wa maandishi ambayo bado hayajaandikwa. Anayeweza kuivua insha ya mwenzake hadi ibaki mifupa, hoja moja kwa kila aya, hapati taabu kuunga mifupa yake. Walimu wengi huanza na kiunzi. Mimi naona kinafuata.

Daftari lenyewe lina neno. Katikati ya karne iliyopita, Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell alieneza namna ya kugawa ukurasa ambayo hadi leo hutajwa kwa jina la chuo hicho: sehemu pana ya kulia ni ya notisi, sehemu nyembamba ya kushoto ni ya maswali na maneno ya kukumbusha, na chini kabisa kuna nafasi ya kufupisha ukurasa mzima kwa sentensi moja au mbili. Kushoto na chini hakuandikwi wakati wa somo bali baadaye, mtu akiwa ametulia. Nimeijaribu na inafanya kazi, hata kwa daftari la kawaida na rula ya mbao. Kikwazo nilichokutana nacho hakimo katika maelezo ya Wamarekani. Siku ya wazazi, mama mmoja alifungua daftari la binti yake, akapekua kurasa tano au sita, akaniuliza kwa upole, “Mwalimu, shikamoo. Hivi huku pembeni mbona wanaacha wazi? Daftari tunanunua.” Alikuwa na haki. Katika nyumba inayonunua madaftari kumi kwa fedha za gunia la viazi, ukurasa mtupu ni viazi vilivyooza. Tangu siku hiyo ninawaelekeza wanafunzi kuacha vidole viwili tu kushoto na mistari mitatu chini, na kuvijaza kabla ya kipindi kinachofuata, ili mzazi akifungua akute pamejaa.

Yupo atakayenipinga kwa utafiti, na ana hoja. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu 10 za kujisomea na kuzipima kwa ushahidi uliokuwepo. Kufupisha walikuweka katika kundi la mbinu zenye manufaa madogo, pamoja na kupigia mistari na kusoma upya. Walichokisifu zaidi ni mwanafunzi kujipima kwa maswali na kutawanya vipindi vya kujisomea. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza lilinichoma. Lakini sababu waliyoitoa ndiyo inayonirudisha kwenye hoja yangu: wanafunzi wengi hawajui kufupisha, na mbinu hiyo huwasaidia wale waliokwisha kuimudu, huku kuimudu kukihitaji mafunzo ya muda mrefu. Hukumu yao ni juu ya kumwambia mtoto “nenda ukafupishe” bila kumfundisha, jambo tunalolifanya kila siku. Tena zile nafasi za kushoto za Pauk, ukizifunika za kulia kwa kiganja na kujiuliza maswali yaliyoandikwa, ni kujipima huko huko wanakokusifu.

Siku hizi ubao hupigwa picha kwa simu, na akili mnemba inafupisha sura nzima ya kitabu kabla maji ya chai hayajachemka. Sioni kwamba hili linabadilisha hoja sana. Picha ya ubao ni kunakili kusikochosha mkono, na ufupisho wa mashine ni desa lenye mwandiko mzuri zaidi. Tofauti ni kwamba desa la mwenzako lina makosa ya mwenzako, na pengine utayagundua. La mashine limeandikwa kwa uhakika ule ule liwe sahihi au liwe limekosea, na atakayeligundua kosa ni yule tu aliyekwisha kujifunza kulinganisha ufupisho na habari yake.

Mitaala yetu imezungumzia ujuzi na umahiri badala ya kukariri tangu maboresho ya mwaka 2005, na mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024 imelirudia hilo kwa mkazo mkubwa zaidi. Karatasi hazina tatizo. Tatizo la mwalimu ni la hesabu. Darasa lenye wanafunzi 70 si ajabu katika shule zetu; ufupisho wa maneno 80 ukiusoma kwa dakika tatu tu, unahitaji saa tatu na nusu kwa darasa moja, na mwalimu ana madarasa manne. Kwa hiyo hautolewi, isipokuwa mtihani ukikaribia, na hapo husahihishwa kwa kuhesabu maneno. Mimi nimeacha kutoa ufupisho mzima. Kila Ijumaa natoa aya moja na kudai sentensi moja, kwa sharti kwamba isiwe imo katika aya, kwenye kipande cha karatasi kilichokatwa mara nne. Vipande 70 navimaliza kwa muda usiofika nusu saa. Wiki tatu za mwanzo zaidi ya nusu ya darasa hurudisha sentensi ya kwanza ya aya ikiwa imepunguzwa maneno mawili, nami huwarudishia bila alama. Wiki ya nne wanaanza kulalamika kwamba jibu halimo kwenye aya, na ninapoanza kuyasikia malalamiko hayo ndipo ninapowapa habari ya Lugalo.